Kilichokataliwa Hakikupokelewa

Ofisini wananiita Mama Chujio, na jina hilo sijawahi kulikataa kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Meli ikiwa baharini, afisa wa zamu anatakiwa kila baada ya saa sita asome barometa ya mgandamizo wa hewa, apime upepo, akadirie urefu wa mawimbi, achote ndoo ya maji ya bahari na kuyatia kipimajoto, kisha atutumie tarakimu zote. Sisi tulio nchi kavu hatuna macho kule. Baharini hakuna kituo wala jirani wa kumwuliza. Tunategemea neno la mtu mmoja mwenye usingizi, na mimi kwa miaka kumi na tisa nimelipwa kuamua kama mtu huyo anasema kweli.

Wengi hawasemi. Mtu yuko ndani, kuna kikombe cha chai mkononi, nje upepo unapiga, ndoo ni nzito. Atoke kwa ajili ya nani? Anachukua taarifa ya utabiri tuliyomtumia sisi jana jioni, anabadilisha tarakimu moja au habadilishi kabisa, halafu anaturudishia maneno yetu. Sisi tunaona yanalingana na utabiri wetu, tunafurahi. Kila mwaka mkuu wetu anasimama mbele ya wageni na kutangaza kwamba utabiri wetu wa baharini ni sahihi kwa asilimia tisini na mbili. Mtu kajiuliza swali, kajijibu, kajipigia makofi, na wageni nao wanapiga.

Mdogo wangu, yule aliyenifuata ziwa, ni afisa wa pili kwenye meli ya mizigo. Nyumbani tulimpa jina la Kepteni tangu ana miaka saba, wakati alipokuwa akiliendesha beseni la kufulia uani, na jina likamkaa ingawa ukepteni wenyewe haukuja. Nilimbeba mgongoni mama alipokuwa kazini. Nilimfundisha kuhesabu. Nasema hayo kwa sababu watu hudhani kosa nililolifanya ni la mtu asiyempenda ndugu yake.

Miaka sita iliyopita, Jumapili mchana, alikuja kwangu na mkewe, wakati huo mume wangu angali hai. Tulikuwa tumeshakula, kila mtu kalegea kwenye kiti. Mume wangu akamuuliza Kepteni kama kweli huwa anachota maji kwa ndoo kama bibi zetu wa zamani kisimani. Kepteni akacheka, akasema ndoo ilipotea siku nyingi. Akasema, "Namba za dada nazipika asubuhi, za siku nzima, zinakaa zinasubiri saa yake." Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini kwa meno tu. Mtu kaketi mezani kwangu, kala chakula changu, anaicheka kazi yangu mbele ya mume wangu, na mtu mwenyewe ni wangu.

Jumatatu nilifungua kompyuta nikatafuta namba yake ya uangalizi, nikamwekea alama ya mashaka. Kanuni inasema alama hiyo haiwekwi mpaka ulinganishe taarifa zake thelathini na za meli nyingine, na ushahidi uambatishwe. Sikulinganisha hata moja. Kwenye nafasi ya ushahidi niliandika maneno matatu: uchambuzi wa mkaguzi. Hakuna aliyeuliza. Mama Chujio hukaguliwa na nani?

Alama hiyo kazi yake ni ndogo kuitaja. Barometa ya meli nyingine yoyote inaruhusiwa kutofautiana na utabiri wetu kwa milibari ishirini na tano kabla kompyuta haijaikataa. Mwenye alama anaruhusiwa tatu. Taarifa iliyokataliwa haimfikii mtabiri; inakwenda kwenye faili la pembeni, naipitia mimi mwenyewe, nabonyeza kuthibitisha, basi imekufa. Mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Kanuni akiwa hayupo, aliongeza ya kwake ili ripoti za mwaka zionekane safi. Kilichokataliwa hakihesabiwi kuwa kimepokelewa.

Ilikuwa Alhamisi. Taarifa za saa sita mchana zilipoingia, meli nne zilikuwa kwenye eneo moja la bahari. Tatu zilisema barometa 1010, upepo hafifu, mawimbi mita moja na nusu, maji ya bahari nyuzi 23. Ya nne ilikuwa ya Kepteni. Barometa imeporomoka hadi 988, upepo wa kusini-mashariki nguvu ya kumi kati ya kumi na mbili, mawimbi mita saba, na kwenye nafasi ya maelezo, ambayo huwa haiandikwi kitu, ameandika: Dhoruba, inakua haraka. Toeni tahadhari.

Kompyuta ilikuwa imeshaikataa. Niliisoma yote. Nakumbuka nilichosema kwa sauti, na mtabiri aliyekuwa meza ya pili alicheka: "Leo kapika na viungo." Nikabonyeza kuthibitisha, nikaenda kula.

Saa tisa alasiri meli ndogo ya saruji iliondoka bandarini na watu kumi na mmoja, kwa sababu taarifa yetu ya saa nane ilisema bahari ni shwari. Kesho yake asubuhi waliokotwa watu wawili, wakiwa wameshika kifuniko cha ghala la mizigo. Wengine tisa hawajaonekana mpaka leo.

Wafiwa walitaka mtu wa kumshika shati, na haki yao. Bodi ya uchunguzi ikaundwa. Sheria inasema afisa wa zamu akikutana na dhoruba ambayo haijatangazwa, ni wajibu wake kutoa taarifa, na asipotoa ananyang'anywa cheti cha ubaharia. Meli pekee iliyothibitika kupita ndani ya dhoruba ile ilikuwa ya Kepteni, maana ilifika bandarini na reli za pembeni zimepinda na madirisha mawili hayapo. Yeye ndiye aliyekuwa zamu. Alipoulizwa, akajibu kwamba alitoa taarifa. Bodi ikaiandikia ofisi yetu. Bwana Kanuni akajibu kwa barua fupi yenye muhuri kwamba hatukupokea taarifa yoyote ya dhoruba kutoka eneo hilo siku hiyo. Kwa kanuni zetu hakusema uongo.

Siku ile ile ya barua, Kepteni alikuja nyumbani. Miaka mingi tulikuwa tunaonana kwenye misiba na harusi tu, tunaulizana hali, tunaachana. Alikuwa amekonda. Hakutaka kuvua viatu, hakutaka kukaa, kisha akakaa. Alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Miaka miwili iliyopita walipata nahodha mpya, mzee mkorofi aliyemlazimisha kuchota maji kwa mkono wake kila zamu, yeye amesimama pembeni na saa. Mwanzoni alimchukia. Baadaye akaanza kupenda. Akanunua daftari lake mwenyewe, akawa anaandika kila kitu mara mbili, moja ya kutuma na moja ya kwake, na alikuwa amefikia mahali pa kubashiri mvua kabla taarifa yetu haijafika. Alisema haya kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba ameokoka.

"Dada, niliituma," akasema. "Niliituma nikiwa nimejifunga kamba kiunoni. Ningeweza kushika redio nikapiga kelele, lakini nahodha alikuwa chini na wenzangu wanafunga mizigo iliyolegea, niko peke yangu. Nikasema, mkono wangu huu mmoja ulio huru niutumie vizuri, nitume ofisini kwa dada, wao watawatangazia wote kwa mara moja. Nilikuwa na uhakika. Nitafutie tu. Lazima iko mahali."

Nikamwambia nitatafuta. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikamsindikiza mpaka barabarani.

Kesho yake niliwahi ofisini kabla ya mtu yeyote, nikafungua faili la pembeni. Taarifa yake ilikuwepo, na chini yake herufi za jina langu na saa: sita na dakika ishirini na mbili. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni zile tatu nyingine. Nilizitazama upya, na nyuzi 23 zikanisimamisha. Bahari ile sijawahi kuiona chini ya nyuzi 26, hata katika miezi ya baridi. Meli tatu haziwezi kuchota ndoo tatu, mahali patatu, zikapata maji ya baridi ambayo hayapo. Nikafungua taarifa ya utabiri ya Jumatano jioni, ile tuliyowatumia. Mchapaji wetu alikuwa amekosea. Badala ya 28 akaandika 23. Makosa yetu yalisafiri kilomita mia tano, yakaandikwa na maafisa watatu ambao hawakunyanyua makalio, yakarudi kwetu yakiwa yamevaa kofia za ubaharia. Kompyuta ikayaona yanalingana na utabiri, ikayakaribisha. Wale watatu nao walikuwa wanayumbishwa ndani ya dhoruba ile ile wakati wanatuandikia kwamba upepo ni hafifu. Mmoja wao alipoteza makontena manne siku hiyo. Nilikuja kusikia kwa mtu wa bandari.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini nilimfungua na Kepteni, miaka yake yote sita. Miaka minne ya mwanzo, aliyokuwa akipika, hakukataliwa hata mara kumi, pamoja na alama yangu, kwa sababu alikuwa akinakili utabiri wetu sawasawa. Miaka miwili ya mwisho, tangu yule nahodha mkorofi, alikataliwa mara mia moja na arobaini. Milibari nne huku, tano kule, tofauti ambazo meli nyingine ingepita nazo bila kuulizwa. Zote nilizithibitisha mimi. Alipokuwa mwongo tulimpokea. Alipoanza kusema kweli tukamfungia mlango, na kila tulipomfungia, ikaongezeka idadi ya kuonyesha kwamba ni mwongo. Nilikaa pale mpaka wenzangu walipoanza kuingia, nikajibu salamu zao.

Nilichapa karatasi zote, nikazipeleka kwa Bwana Kanuni. Alizisoma taratibu, maana si mjinga. Alipofika kwenye zile nyuzi 23 akavua miwani. Akasema kwamba tukilitoa hili, hatutoi meli tatu tu. Tunatoa kila asilimia aliyowahi kuitangaza, na kila nahodha atauliza ni siku ngapi amesafiri kwa kuamini mwangwi. Nikamwambia watu tisa wamekufa. Akasema analijua hilo, na kwamba hawatafufuka kwa karatasi. Nikamwambia mwangalizi yule ni ndugu yangu na cheti chake kinakwenda. Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Akageuza kompyuta yake kidogo ili nami nione, akafungua ukurasa wa ile alama.

"Hapa pameandikwa uchambuzi wa mkaguzi," akasema. "Uko wapi?"

Nikaanza kuzikusanya karatasi zangu.

"Ukienda na karatasi hizi, wakili wa kwanza atauliza swali hili. Utamwambia nini?"

Hakunitisha zaidi ya hapo. Hakuwa na haja. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikitafuta nguoni mwa watu wengine wakati nguo ni yangu. Ningelijibu swali lile kwa ukweli, mbele ya wake wa watu tisa, ningesema nini? Kwamba nilimfuta mtu kwa sababu alinitania baada ya chakula? Miaka kumi na tisa ya Mama Chujio ingeishia pale. Na huenda si kazi tu. Kuna kifungu cha sheria juu ya uzembe uliosababisha kifo, nilikisoma mchana ule ule. Bwana Kanuni akashauri njia ya katikati. Ofisi ingekubali kwamba taarifa iliingia na ikakataliwa kwa utaratibu. Hivyo ndugu yangu hataitwa mwongo kuhusu siku ile, na ofisi itabaki na utaratibu wake. Nilijiambia hiyo ni nusu ya haki, na nusu si haba. Mtu akitaka kujidanganya hakosi methali.

Bodi ilikaa kwenye ukumbi wa mamlaka ya bandari, chumba chenye feni mbili na viti vya plastiki. Wafiwa walikaa mbele. Kepteni alikuwa amevaa sare yake iliyopigwa pasi, na daftari lake likiwa mezani. Bodi ilikuwa imeshalikataa, kwamba daftari mtu anaweza kuliandika siku yoyote. Nilipoitwa, nikala kiapo. Nikasema taarifa ya dhoruba ilitufikia saa sita mchana. Ukumbi ukanong'ona. Nilimwona Kepteni akifumba macho na kushusha pumzi, na mkewe akimshika mkono.

Mwenyekiti akaniuliza kwa nini basi haikufanyiwa kazi. Nikasema mwangalizi huyo alikuwa kwenye orodha ya mashaka. Akauliza tangu lini. Miaka sita, nikasema. Akauliza kama kuna takwimu za kuthibitisha mashaka hayo.

"Katika miaka miwili iliyopita pekee, taarifa zake mia moja na arobaini zilikataliwa," nikasema.

"Na za meli nyingine tatu za siku ile?"

"Hizo hazina rekodi ya kukataliwa."

Kila neno lilikuwa kweli. Mwenyekiti akaandika, akanishukuru kwa uwazi wangu, hasa ikizingatiwa, akasema, uhusiano wangu na mhusika. Hakuna aliyeuliza habari ya nyuzi 23. Nilikaa kwenye kile kiti muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja, kisha nikainuka.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Taarifa ilitumwa, bodi ikasema, lakini iliandikwa na mtu ambaye kwa mwenendo wake wa miaka alikuwa ameifanya isiaminike. Ofisi ya hali ya hewa ilifuata utaratibu. Afisa huyo, akijua udhaifu wa rekodi yake, alipaswa kutumia redio. Cheti chake kikafutwa moja kwa moja. Akina mama wa wafiwa walimtemea mate mlangoni, na yeye alisimama mpaka walipomaliza. Mwezi uliofuata ofisi yetu ilitoa hati za pongezi kwa waangalizi bora wa mwaka, na mbili kati ya hizo zilikwenda kwa meli mbili kati ya zile tatu. Hati hizo husainiwa na mkaguzi. Nilisaini kwa kalamu ya wino mweusi.

Nilikaa siku nyingi bila kwenda kwake. Nilimpigia wifi mara mbili kuulizia hali, akasema wapo. Mwishowe, Jumamosi moja asubuhi, nilivaa nikaenda nikiwa nimeamua kumwambia yote: utani wa mezani, alama, maneno matatu, nyuzi 23, na lile swali ambalo sikulijibu. Njiani niliyapanga maneno. Nilijua atanifukuza, na nilitaka anifukuze. Karatasi nilizokuwa nimezichapa zilikuwa kwenye mkoba. Nilikuwa nimekusudia kumwachia aende nazo kwa wakili, kisha yatakayonipata yanipate.

Wifi alinifungulia mlango, akanikumbatia. Sikutegemea. Kepteni alikuwa sebuleni kwa fulana, anapaka gundi soli ya kiatu cha binti yake, na binti mwenyewe yuko mezani na vitabu vya shule. Amepata kazi kwenye stoo ya vipuri, akaniambia, kazi si mbaya, unalala nyumbani kila siku. Nikaketi, nikaukumbatia mkoba. Nikasema nimekuja kuzungumza juu ya yale mambo.

Akatikisa kichwa. Akasema nisijisumbue, ameshayatafakari, na kwamba alikuwa anangoja nije ili aseme yeye kwanza.

"Mimi nilikuwa mwongo, dada. Miaka ile ya nyuma nilikuwa nawadanganya waziwazi, nikidhani hamna mtu anayeona. Kumbe kompyuta iliona. Nilipokuja kusema kweli nikawa nimechelewa." Aliminya soli kwa vidole, akangoja gundi ishike. "Niliposikia zile mia moja na arobaini nilisema basi, nimepatikana kwa haki. Na wewe ungeweza kunifunika pale mbele. Ndugu wangapi wangefanya hivyo? Hukufanya."

Nikafungua mdomo. Nikaanza kusema kwamba sivyo, lakini yeye alikuwa ameshamgeukia binti yake. Akamwambia aache kuandika kidogo, amtazame shangazi yake.

"Nilikwambia juzi, unakumbuka? Dunia nzima ikisema uongo, shangazi yako hasemi. Hata kwa ajili yangu."

Mtoto akanitazama. Ana miaka kumi na moja, na macho ni ya mama yetu. Wifi akaja na chai, akaiweka mbele yangu, akauweka mkono wake begani kwangu akabaki amesimama hivyo. Nilimuuliza mtoto anasoma somo gani. Akasema hesabu. Nikamwambia asogee, tuone.